Kuku wakikoroma usikimbilie dawa, jua kwanza wanaumwa nini

KIPINDI cha baridi, kati ya Juni na Agosti, wafugaji wengi wa kuku wa kienyeji katika mikoa kama Mbeya, Njombe na Iringa huamshwa na sauti wasiyoipenda kutoka bandani. Kuku wanapiga chafya na wengine wanakoroma kama mtu mwenye kifua.

Kinachofuata kinafahamika. Mfugaji anakwenda duka la dawa za mifugo, anaomba "dawa ya mafua", anapewa pakiti na kuichanganya kwenye maji. Baada ya wiki moja, ama banda limebaki nusu, ama kuku wamepata nafuu lakini ugonjwa unarudi kila baada ya muda. Fedha imekwenda na mfugaji anailaumu dawa.

Mara nyingi dawa haina kosa. Kosa ni kutibu bila kujua ugonjwa, kwa sababu jina "mafua" hubebeshwa magonjwa kadhaa yanayotofautiana kwa chanzo na kwa tiba.

Tofauti iko wapi?

Ugonjwa wa kwanza kuufikiria ni mdondo, ambao wengine huuita kideri. Huu husababishwa na virusi na huenea kwa kasi. Kuku huhema kwa shida huku wamefungua midomo, hushusha mabawa, huharisha kinyesi cha kijani, na baadhi hupinda shingo au kupooza miguu. Katika kundi lisilochanjwa unaweza kuua karibu kuku wote kwa siku chache. Mdondo hauna tiba, na antibiotiki haiui virusi. Hata shubiri na pilipili ambazo wengi huweka kwenye maji haziponyi ugonjwa huu.

Mafua yenyewe, yaani mafua ya kuambukiza, husababishwa na bakteria. Dalili hujitokeza siku moja hadi tatu tu baada ya kuku kuambukizwa. Dalili kubwa ni uso kuvimba, macho kufumbwa na utando, na kamasi zenye harufu mbaya. Vifo huwa vichache, lakini mayai hupungua sana. Tuseme una mitetea inayokupa mayai 20 kwa siku, kisha yakashuka hadi 14. Kwa wiki tatu umepoteza mayai 126, yaani zaidi ya trei nne, bila kuhesabu gharama ya dawa.

Upo pia ugonjwa sugu wa njia ya hewa unaosababishwa na vimelea vya maikoplasma. Huu huenda polepole. Kuku hukoroma zaidi usiku, hukonda, na huwa na mapovu kwenye pembe za macho. Kuku mgonjwa huweza kuwarithisha vifaranga ugonjwa huu kupitia yai, hivyo asitumiwe kwa kutotolesha.

Mwisho, huenda hakuna ugonjwa kabisa bali ni banda. Inama hadi usawa wa kichwa cha kuku, vuta pumzi. Kama harufu ya mkojo inakuwasha macho, hewa hiyo ndiyo wanayoivuta usiku kucha. Huunguza njia ya hewa na kufungulia mlango magonjwa mengine. Wengi huziba madirisha yote kwa maturubai wakati wa baridi wakidhani wanawasaidia kuku, kumbe wanawafungia na hewa chafu.

Hatua za kuchukua

Siku unaposikia chafya ya kwanza, watenge wagonjwa mahali pengine na wape chombo chao cha maji. Mafua huenea haraka kupitia maji ya kunywa. Hudumia wazima kwanza, wagonjwa mwisho, kisha nawa mikono na osha viatu.

Andika wamegonjeka wangapi, wamekufa wangapi na mayai yameshuka kiasi gani. Maelezo hayo mpelekee ofisa mifugo wa kata, pamoja na kuku aliyekufa punde ikiwezekana, akiwa amefungwa vizuri kwenye mifuko miwili ya plastiki. Hapo ndipo dawa ichaguliwe. Mafua ya bakteria hutibika kwa dawa za aina ya sulfa au oksitetrasaiklini, na maikoplasma kwa tailosini, lakini kwa kipimo kamili na kwa siku zote zilizoandikwa. Mayai na nyama visiliwe wala kuuzwa hadi zipite siku za kusubiri zilizotajwa kwenye pakiti. Kumbuka kuwa kuku aliyepona mafua au maikoplasma anaweza kuendelea kubeba vimelea na kuwaambukiza wageni.

Kuku wengi wakifa ghafla, usiwachinje wala kuwashika mikono mitupu. Toa taarifa siku hiyo hiyo. Mafua makali ya ndege huweza kufanana na mdondo, na nchi jirani ya Uganda iliwahi kuyathibitisha Januari 2017. Mizoga ichomwe au ifukiwe shimo refu.

Jambo jingine linauma lakini lazima lisemwe. Mfugaji akiona kuku wanaanza kuugua, hushawishika kuwakimbiza mnadani ili aokoe chochote. Kuku hao hununuliwa na mfugaji mwingine, na ugonjwa unahamia kijiji kingine. Mwezi ujao huenda ukarudi kwako ndani ya tenga la jogoo uliyemnunua katika mnada huo huo.

Kinga ni nafuu

Chanjo ya mdondo ya I-2 ilitengenezwa kwa kuzingatia mazingira ya vijijini, kwani huvumilia joto kuliko chanjo nyingine, ingawa bado huhitaji kuwekwa mahali pa baridi na mbali na jua. Hapa nchini huzalishwa na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania (TVLA). Kuku hudondoshewa tone moja kwenye jicho moja, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu hadi minne. Chanja kuku wazima tu, tena mapema kabla ya msimu wa ugonjwa, kwa kuwa kinga huchukua wiki moja hadi mbili kujijenga. Chupa moja hutosha kuku wengi, hivyo majirani wanaweza kuchangia na kuchanja siku moja. Chanjo hii haizuii mafua ya bakteria.

Kuku mgeni akae peke yake angalau wiki mbili kabla ya kuchanganywa na wenyeji. Acha uwazi wa hewa sehemu ya juu ya ukuta, ziba upepo wa chini, na badilisha maranda au pumba mara zinapolowana.

Kwa hiyo kabla ya kutoa fedha dukani, kaa bandani dakika kumi usiku kuku wakiwa wametulia. Sikiliza, nusa, tazama nyuso zao. Utakachokiona ndicho cha kumweleza ofisa mifugo.