Tabaka la Kati na Soko la Kazi: Mfano wa Korea Kusini

Tabaka la kati ni jamii ya watu ambao hubakiwa na akiba baada ya kulipia chakula, mavazi na malazi. Katika nchi inayoendelea, tabaka hili linapokua hubadili soko la kazi kwa njia mbili zinazovutana: huongeza ajira kwa kununua bidhaa na huduma, na papo hapo huwaondoa watoto wake katika kazi za mikono. Historia ya Korea Kusini yadhihirisha jambo hili.

Mwaka 1963 karibu theluthi mbili ya wafanyakazi wa nchi hiyo walitegemea kilimo na uvuvi. Vijana, wengi wao wasichana, walihamia mijini kushona nguo na kutengeneza viatu kwa ujira mdogo. Viwanda viliongezeka, hata kufikia mwaka 1990 kilimo kilibakiwa na chini ya moja ya tano ya wafanyakazi. Familia zilizopata akiba zilihitaji shule, hospitali, benki na maduka; kwa hiyo kazi za huduma zikapanuka.

Mwaka 1987 watumishi wa ofisini waliungana na wanafunzi kudai demokrasia. Katika miezi iliyofuata ikazuka migomo ya wafanyakazi zaidi ya 3,000. Mishahara ilipanda, na viwanda vya viatu vya mji wa Busan, vilivyotegemea ujira mdogo, vikaanza kuhamia Indonesia, China na Vietnam.

Wakati huo huo wazazi walizaa watoto wachache na kutumia akiba yao kuwasomesha. Mwaka 2008 zaidi ya wanafunzi wanane katika kila kumi waliomaliza sekondari waliendelea na masomo ya juu. Wahitimu wengi wakawa wanasubiri nafasi katika makampuni makubwa, ilhali viwanda vidogo na mashamba vilikosa watu. Tangu mwaka 2004 pengo hilo limezibwa kwa mpango wa vibali vya kuajiri wafanyakazi kutoka nchi nyingine za Asia.

Hivi basi, uhaba wa kazi na uhaba wa wafanyakazi vyaweza kuwapo pamoja katika nchi moja. Chanzo chake si uvivu wa vijana, bali ni tofauti kubwa ya ujira na heshima baina ya kazi na kazi. Nchi inayopanua elimu haina budi kuipunguza tofauti hiyo. La sivyo, shule zitatoa wahitimu ambao soko halina mahali pa kuwaweka.