MIPIRA YA MUGANGA HAITOSHI KWA FUNDI WA UMEME



Kati yetu kuko watakaotumika ku hospitali, kama waganga ao kama mafundi. Kwa hiyo tunaeleza hapa namna gani fundi wa umeme anajikinga mule.

Tuhesabu kidogo. Balbu ya wati 60 kwenye volti 220 inapitisha miliampea 270 hivi. Lakini miliampea 10 hivi zikipita mu mkono, misuli inakazana, mtu hawezi tena kuachilia waya. Zikifika 30 mu kifua, pumzi inaweza kukatika. Zikizidi, moyo unaweza kusimama. Basi umeme wa balbu moja unatosha kuua.

Ku hospitali hatari ni kubwa zaidi. Sakafu inaoshwa kila mara na vitanda ni vya chuma. Tena kuko mgonjwa anayepumua kwa mashine ya oksijeni, kwa hiyo fundi anajaribiwa kutumika bila kukata umeme. Wengine wanavaa mipira ya mikono ya muganga. Apana! Ile inazuia damu na vijidudu tu. Ni myembamba, inapasuka upesi.

Mipira ya fundi ni minene, na imeandikwa namba: 00 mwisho wake volti 500, 0 mwisho wake volti 1000. Kabla ya kuivaa anafungia hewa ndani. Hewa ikitoka, mpira hautumiki tena. Juu yake anavaa ingine ya ngozi, ili waya zisiutoboe. Anavaa pia viatu vikavu vya soli ya mpira, na miwani ya kukinga macho na cheche na asidi ya betri. Pete na saa ya chuma anatoa.

Hata hivyo, vyombo hivi havitangulii. Kwanza:

1. Amwambie muuguzi, ili wagonjwa wa mashine watengenezewe njia ingine.
2. Akate umeme, afunge kwa kufuli, ufunguo abaki nao. Asisahau jenereta: umeme wa SNEL ukipotea, inaweza kuwaka yenyewe. Na paneli za jua ziko na volti muda wote kuko mwanga.
3. Apime kabla ya kugusa.

Na mwenzake akishikwa na umeme, asimguse; akate umeme kwanza.

Basi ndugu, mukiona fundi anachelewesha kazi kwa kutafuta kufuli, musimwite mvivu. Anataka kurudi nyumbani mangaribi.