Je, Wajua? Stata Yenye Matairi

Je, wajua kwamba huenda umewahi kuendesha gari kwa umeme hapahapa Makole, Dodoma, bila kujijua? Petroli ikikauka katikati ya njia, madereva wa zamani wenye magari ya gia za mkono huweka namba moja, huachia klachi, kisha hupiga ufunguo. Gari linaruka hatua moja, linaruka ya pili, linajikokota hadi pembeni mwa barabara. Injini hapo haijafanya kazi yoyote, imeburutwa tu. Kilichosogeza chuma chote kile ni stata, mota unayoweza kuibeba kwa mkono mmoja, ikinyonya betri ya volti 12. (Usiuzoee mchezo huo. Stata huungua, betri hufa, na magari mengi ya siku hizi hayakubali kabisa.)

Je, wajua kwamba kuna Datsun iliyojengwa kwa wazo hilohilo? Ni Datsun 1200 ya mwaka 1972, ya John Wayland wa Portland, Oregon, na jina lake White Zombie. Wenye umri wanaikumbuka Datsun 1200 vizuri, hasa pikapu yake. Injini yake ya kiwandani ilikuwa ya sisi 1,171, nguvu za farasi zisizofika 70. Wayland aliing'oa, akaweka mota za umeme wa moja kwa moja (DC), zile za ukoo wa foklifti za maghalani. Mwaka 2010 Datsun hiyo ilikata robo maili kwa sekunde kumi na robo, ikapita mstari wa mwisho karibu na kilomita 200 kwa saa. Magari ya bei ya nyumba yaliachwa nyuma na kitu kinachofanana na gari la mwalimu mstaafu.

Robo maili, kwa vipimo vyetu, ni mita 402. Magari mawili, barabara mbili zilizonyooka, taa ya kijani. Hakuna kona wala breki mpaka mwisho. Ndizo mbio zinazoitwa dragi.

Je, wajua kwa nini mota ya foklifti inafaa mbio? Kwa sababu foklifti hubeba mzigo ikiwa imesimama. Ndani ya mota ya aina hiyo, kama ndani ya stata nyingi, waya wa sumaku za pembeni na waya wa kile kinachozunguka katikati zimeungwa kwa mfululizo, umeme uleule unapita kote. Ukiongeza umeme mara mbili, pande zote mbili zinapata nguvu, na msukumo unakaribia kuwa mara nne, mpaka chuma cha sumaku kishibe. Na umeme mwingi zaidi huingia mota ikiwa bado haijaanza kuzunguka. Injini ya petroli ikisimama haina nguvu hata ya kuua nzi. Ndiyo maana inahitaji klachi, gia na mguu wenye adabu.

White Zombie haina giaboksi. Mota, propela, difu, basi.

Lakini mota hiyo ina wazimu wake. Ukiiwasha kwa umeme mwingi bila mzigo, haijui pa kuishia: inazidi kukimbia mpaka nguvu ya mzunguko inaipasua kutoka ndani. Kwa hiyo propela ikikatika katikati ya mbio, mota nayo inaweza kwenda palepale.

Je, wajua kwamba mbio moja inaweza kula uniti moja na nusu tu ya LUKU? Tufanye hesabu. Chukua betri ya volti 350 inayotoa ampia 1,500. Zidisha: wati 525,000, yaani nguvu za farasi 700 hivi. Ni sawa na kuwasha majiko ya umeme 350 ya wati 1,500 kwa mpigo. Mtera, iliyo kusini mwetu kwenye Ruaha Mkuu, ina uwezo wa megawati 80. Magari kama 152 ya namna hiyo yakikanyagwa pamoja yangeimaliza yote. Lakini yangeimaliza kwa sekunde kumi. Wati 525,000 kwa sekunde kumi ni kama uniti 1.46. Mama wa nyumbani anapika maharage kwa umeme mwingi kuliko huo.

Hapo ndipo wengi wanaoota kujenga gari la namna hii wanapokosea: wanahesabu uniti, wanasahau kasi ya kuzitoa. Nissan Leaf ya kwanza, iliyoanza kuuzwa mwisho wa 2010, ilikuwa na betri ya uniti 24, seli 192. Kwa hesabu ya karatasi, uniti 24 zinatosha mbio 16. Kwa kweli haziwezi hata moja ya hizo, kwa sababu gari lile lilijengwa kwa mota ya kilowati 80, na betri yake ikaundwa kulingana na mota hiyo. Pipa la lita 200 lenye bomba la nusu inchi halizimi moto. Betri ya dragi ni ndoo: ndogo, lakini mdomo wake ni mpana na unaimwaga yote kwa mara moja.

Je, wajua kwamba baridi ya Juni huziumiza betri za litiamu? Zikipoa, umeme hutoka kwa shida. Wakimbiaji huzipasha joto kabla ya kwenda mstarini, kama mchezaji anayeruka ruka pembeni mwa uwanja. Kwa jua la Dodoma la Oktoba kazi hiyo ni bure.

Je, wajua kwamba Dodoma huiba nguvu za gari lako? Tuko mita 1,100 na ushee juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi kwa karibu asilimia kumi kuliko ya Dar es Salaam. Injini ya petroli isiyo na tabo hula hewa. Ikipunguziwa hewa, inapunguza kazi kwa kiwango kilekile. Gari la farasi 200 lililotoka Kariakoo asubuhi linafika hapa na farasi 180 na kidogo, na mwenye gari anamlaumu muuza petroli. Mota ya umeme haipumui hewa yoyote. Farasi wake wanapanda mlima wote, hakuna anayebaki Gairo. Tena hewa nyepesi humpunguzia anayekimbia upinzani wa mbele, kwa hiyo gari la umeme linafaidika na mwinuko uleule unaoinyong'onyesha injini. Ningekuwa natafuta mji wa kuaibishia petroli Tanzania, ningeuchagua huu.

Je, wajua kwamba gari la kwanza kuvuka kilomita 100 kwa saa lilikuwa la umeme? Tarehe 29 Aprili 1899, Mbelgiji Camille Jenatzy alifikisha kilomita 105.88 huko Achères karibu na Paris, kwenye gari lenye umbo la risasi, naye amekaa juu yake kifua wazi kwa upepo. Reli ya Kati ilikuwa haijaanza kujengwa kutoka Dar es Salaam. Hiyo ilianza 1905.

Je, wajua kwamba mwanzilishi wa kampuni iliyoungana na Bugatti alianza na BMW iliyoharibika injini? Mate Rimac, mzaliwa wa Bosnia aliyekulia Ujerumani na Kroatia, alikuwa na BMW ya mwaka 1984 aliyokuwa akishindana nayo. Injini ikapasuka. Badala ya kutafuta nyingine, akaitia mota ya umeme kwa mikono yake, na mwaka 2011 gari hilo likaweka rekodi za dunia kwa magari ya umeme, robo maili kwa chini ya sekunde 12. Kwa leo ni muda wa kawaida tu. Kwa kijana wa miaka 23 mwenye gari lililomzidi umri, haukuwa wa kawaida.

Je, wajua kwamba Datsun ya michezo ina nafasi ya heshima katika historia ya Afrika Mashariki? Datsun 240Z ilishinda Safari Rally mwaka 1971 kwa Edgar Herrmann, na tena mwaka 1973 kwa Shekhar Mehta, Mkenya aliyezaliwa Uganda. Mwaka huo wa 1973 Mehta alimaliza sare na Harry Källström, naye pia ndani ya Datsun, ikabidi kanuni ya kuvunja sare iamue. Mehta alishinda tena mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982. Mwili wa 240Z ni wa tani moja hivi, na mafundi wa Marekani wanaopenda kugeuza magari kuwa ya umeme wanautamani kwa wepesi huo. Nami nakiri moyo unanisita kidogo: kuing'oa injini ya 240Z iliyopita matope ya Safari ni kama kumng'oa babu meno ya dhahabu.

Kwa upande wetu, ugeuzaji ulianzia kwenye magari ya watalii, si ya mbio. Jijini Nairobi, Opibus, ambayo sasa inaitwa Roam, ilianza mwaka 2017 na ikageuza Land Cruiser na Land Rover za mbugani kuwa za umeme. Kaskazini mwetu, kampuni ya Mount Kilimanjaro Safari Club iliingiza gari la umeme la safari mwaka 2018; tembo hawasikii injini, na mgeni anasikia ndege. Uganda walitoa Kiira EV, kazi ya Chuo Kikuu cha Makerere, mwaka 2011. Na mwaka 2022 Masoud Kipanya, yuleyule mchora katuni, akaonyesha gari dogo la umeme la Kaypee alilolitengeneza hapa nchini. Hakuna hata moja kati ya hayo lililoundwa kuchoma matairi. Sawa tu.

Je, wajua kwamba vitu vya ndani ya betri vipo kwetu na kwa majirani wanaozungumza Kiswahili? Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia huchimbwa Kongo, Kolwezi ikiwa moyoni mwake. Grafiti imelala Mahenge, wilaya ya Ulanga. Betri za fosfati ya chuma hazihitaji kobalti kabisa, lakini grafiti hazikwepi.

Je, wajua kwamba spana namba 13 inaweza kuungana na betri kama imechomelewa? Niliona kwa macho yangu, gereji moja ya chini ya mwarobaini huku Makole. Kijana alikuwa akikaza kichwa cha betri ya lori, spana ikagusa bodi. Mwanga mweupe, harufu ya chuma, spana imenata na inaanza kuwa nyekundu. Fundi mkubwa akaipiga teke ikang'oka. Hizo ni volti 24. Kwenye volti 350 za moja kwa moja cheche haikatiki kirahisi kama ya umeme wa nyumbani, kwa sababu umeme wa moja kwa moja haupiti sifuri mara mia kwa sekunde kama ule wa nyumbani. Unaendelea kuwaka hewani na kuyeyusha shaba. Wanaojenga magari haya huvua pete na saa, hufunga spana kwa tepu, hufanya kazi kwa mkono mmoja, na betri huwa na swichi ya kuikata katikati.

Na tangu 2024 treni ya umeme kutoka Dar es Salaam inafika Dodoma ikikimbia hadi kilomita 160 kwa saa, ikinyonya waya wa volti 25,000. Haina klachi nayo.

Nyuma ya gereji ileile ya mwarobaini kuna Datsun 1200 iliyokaa juu ya matofali. Nilipomweleza fundi habari za Portland, alicheka: "Kaka, hilo si gari, ni stata yenye matairi." Kisha akanyamaza, akatoa futi kamba, akapima nafasi ya injini. Akachukua chaki, akaandika kwenye boneti: mota ya foklifti, Dar. Difu, ipo. Breki, badilisha zote. Betri. Mbele ya neno hilo akaweka nukta mbili, akasimama na chaki mkononi, akamwita kijana alete chai.