Nyumba Isiyotoa Moshi

Tarehe 26 Desemba ndiyo siku ya mkutano kijijini kwetu. Hakuna sheria iliyoipanga. Ni kwamba siku hiyo watu wote wapo: wa Dar es Salaam wamefika, wa Arusha wamefika, na magari yamepangana kandokando ya barabara ya vumbi kuanzia kanisani hadi karibu na mto. Viti vya kigango vinatolewa nje, wazee wanakaa mbele, vijana wanasimama nyuma chini ya mringaringa, na mwenyekiti wa kijiji anasoma ajenda. Mwaka juzi zilikuwa mbili: boma la zahanati lililokwama usawa wa renta, na nyumba mpya zinazoongezeka kwenye vihamba. Kabla jua halijafika utosini tulikuwa tumeshaona kwamba jambo ni moja.

Tuko Kibosho, mteremko wa kusini wa Kilimanjaro. Aliye barabarani hakioni kihamba, anaona migomba tu. Akiingia ndani ndipo anapoona jinsi kilivyopangwa: miti mirefu juu, migomba chini yake, mibuni chini ya migomba, halafu magimbi na mboga pale mwanga unapopenya. Nyuma ya nyumba kuna banda la ng'ombe anayekatiwa majani, na mbolea yake inarudi kwenye shina la mgomba. Kando kidogo yamelala makaburi ya babu na bibi. Kwetu neno shamba halitumiki kwa mahali hapa. Shamba ni lile la tambarare, la mahindi na maharage, ambako mtu huenda asubuhi na kurudi jioni. Kihamba ni pa kukaa, pa kuzaliwa na pa kuzikwa. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilikitambua kihamba cha Shimbwe Juu, kwa jirani zetu wa Uru, kuwa miongoni mwa mifumo ya kilimo inayopaswa kuhifadhiwa kama urithi wa dunia. Wazee walifurahi kusikia, kisha wakauliza: wanaohifadhi watakaa wapi?

Swali hilo ni zito, kwa sababu kihamba hakina pa kukimbilia. Zamani mtoto wa kwanza wa kiume alikatiwa kipande alipooa, na kitinda mimba akabaki na nyumba ya mama pamoja na wajibu wa kumtunza. Wa katikati walikwenda kwa mangi, chifu wetu, kuomba ardhi, naye alikuwa nayo ya kutoa. Utawala wa machifu ulifutwa mwaka 1963, lakini ardhi ya kugawa ilikuwa imeshapungua kabla ya hapo. Ukipanda juu unakutana na Nusu Maili, ukanda wa msitu uliotengwa mwaka 1941 ili wanavijiji wapate kuni, majani na mbao bila kuugusa msitu mkubwa. Mwaka 2005 ukanda huo uliingizwa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro. Ukishuka, kuna mashamba ya tambarare yenye ukame, na mji wa Moshi unaopanda kutukuta. Mkoa wetu ulikuwa na watu zaidi ya milioni 1.6 kwenye sensa ya 2012, na zaidi ya milioni 1.8 kwenye ile ya 2022. Babu mwenye ekari nne aliyezaa wana wanne amewaachia ekari moja moja. Wajukuu wakigawana hiyo moja, anayejenga nyumba ya vyumba vinne na kuzungushia ukuta hana mgomba uliobaki.

Na mabinti wamo. Kwa desturi hawakuhesabiwa katika mgawo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 imeweka wazi kwamba haki ya mwanamke katika ardhi ni sawa na ya mwanamume, na kwamba mila inayomnyima haina nguvu. Nimeona dada zangu wawili wa ukoo wakirudi nyumbani baada ya ndoa kuvunjika, wakakatiwa kipande na kujenga. Nasimama nao bila kusita, hata nikijua kwamba mpaka wa masale, mmea wetu wa uzio, ulisogezwa mara mbili ndani ya mwaka mmoja na kaka zao hawakulala usingizi.

Basi watu wanajenga, na hakuna aliyesimama mkutanoni kusema wasijenge. Kinachowakera waliobaki kijijini ni nyumba za aina moja. Mzee mmoja alizitaja kwa jina ambalo tangu hapo limeshika: nyumba zisizotoa moshi.

Usidhani ni lugha ya kejeli. Ukisimama ng'ambo ya korongo alfajiri ya mwezi wa Februari, unaweza kuhesabu kaya za kijiji chetu kwa moshi unaopenya kwenye migomba. Huu ni wa mama fulani, anachemsha maji ya ng'ombe. Ule wa pili umechelewa leo, pengine mtoto anaumwa, atumwe mtu akaangalie. Ndivyo tulivyokuwa tukijuliana hali kabla ya simu, na ndivyo wengi wanavyofanya hadi sasa. Katikati ya moshi huo kuna mabati ya rangi, mekundu na ya bluu, ya nyumba nzuri kuliko zote, na juu yake hakuna kitu. Zinafunguliwa wiki mbili za Krismasi, halafu zinafungwa hadi msiba au Desemba nyingine.

Sitaki kuwalaumu wenye nyumba hizo. Kujenga nyumbani ni amri kwa mtoto wa Kichagga. Mwanamume anaweza kuwa na majumba Dar es Salaam, lakini kama kihambani kwao hakuna paa lake, siku ya msiba watu watajiuliza atawapokelea wapi. Akifa bila nyumba, maiti yake italala sebuleni kwa kaka yake, na hilo husemwa kwa vizazi. Kwa hiyo anajenga, na anajenga vizuri, kwa jasho lake halali. Tatizo linaanza pale ambapo desturi ya kujenga imebaki na nguvu zake zote, huku desturi iliyokuwa pacha wake, ile ya kukaa, ikiwa imekatika.

Tazama jumuiya ndogondogo. Parokia yetu ina vigango, kigango kina jumuiya, na kila jumuiya husali kila wiki kwa zamu nyumba kwa nyumba. Sala ikiisha zinasemwa habari: nani mgonjwa, nani hana ada, ng'ombe wa nani amezaa. Yetu ina nyumba 19 kwenye orodha, na mzunguko unamalizika kwa wiki 11, kwa kuwa nane zina kufuli. Tazama pia mfongo, mfereji wa asili unaoleta maji kutoka juu. Kila anayeutumia hutoka siku ya kuusafisha, na zamani asiyetoka alitozwa mbege, pombe yetu ya ndizi, wote wakainywa pamoja na kesi ikaisha. Sasa umtoze nani mbege? Mwenye nyumba yuko Kimara, Dar es Salaam.

Jambo la njia ndilo lililonigusa kuliko yote, na nadhani wageni hawalioni. Kwetu njia hupita ndani ya vihamba. Mwanamke anayekwenda kukata majani au kuchota maji hupita uani kwa watu sita, na kila uani anatoa salamu, anapewa neno au ndizi mbivu, anaendelea. Uzio ulikuwa masale, jani ambalo kwetu ni mpaka na pia ni ombi la msamaha: aliyekosa hupeleka jani la isale, na aliyekosewa hawezi kulikataa. Masale yanaziba ng'ombe na kupitisha mtu. Ukuta wa tofali unaziba wote. Mama mmoja wa makamo alisimama mkutanoni akaeleza kwamba tangu nyumba fulani ijengewe ukuta na geti, anazunguka karibu nusu saa na mzigo wa majani kichwani kufika alipokuwa akifika kwa dakika tano. Hakuinua sauti. Aligusa tu shingo yake wakati wa kusema, na wanawake wote wakaguna.

Hapo ndipo hoja ya huduma ilipoingia, na mgawanyiko ukaonekana. Waliotoka mijini walitaka barabara ya lami hadi kanisani, na ukumbi wa kigango upanuliwe kwa ajili ya harusi na kipaimara za mwezi wa Desemba. Waliobaki walitaka zahanati. Kila mtu aliomba anachokihitaji katika siku anazokuwa kijijini, na siku hizo hazilingani: wiki mbili kwa mmoja, wiki 52 kwa mwingine. Zahanati yenyewe iliwekwa kwenye mipango tangu ule wakati wa Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, ulioanza mwaka 2007 kwa lengo la kila kijiji kuwa na yake. Utaratibu unajulikana: wananchi wanainua boma, serikali inapaua. Tuliinua hadi renta kwa msaragambo, kazi ya pamoja, kila nyumba ikitoa mtu mmoja wa kubeba mawe na mchanga kutoka mtoni. Kisha watu wakapungua, nyasi zikaota ndani ya chumba cha kujifungulia.

Bwana mmoja aliyevaa shati jeupe akasimama. Alisema, kwa haki kabisa, kwamba alishatoa shilingi laki tano, na akauliza wanataka nini tena kwake.

Aliyemjibu ni bibi aliyekaa mstari wa mbele, kitenge begani, fimbo katikati ya magoti.

"Aika, asante, mwanangu. Fedha yako tuliipokea, na simenti ilinunuliwa. Lakini nikizidiwa usiku wa mvua ya Aprili, nani ananibeba kwenye machela hadi barabarani? Nimezungukwa na nyumba nne zenye milango mizuri. Nikipiga kelele nani anafungua?"

Akanyamaza kidogo, kisha akaelekeza fimbo nyuma, kwenye mringaringa.

"Mwaka jana nilibebwa na yule."

Yule alikuwa kijana anayelinda nyumba ya bwana mwenye shati jeupe. Ametoka Singida, alikuwa na miaka kama 25, na ulikuwa mwaka wake wa nne kwetu. Analisha ng'ombe wa tajiri wake, anafagia ua wa nyumba asiyolala ndani, anatoka kusafisha mfongo, na kwenye msaragambo hubeba mawe kuliko mtu yeyote. Hajawahi kusema neno mkutanoni. Kwa desturi yetu hana la kusema, kwa kuwa hana kihamba.

Mwenyekiti alipotaka kupiga kura akasoma kanuni, na uwanja mzima ukatulia. Kwa Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982, mkutano mkuu wa kijiji ni wa wakazi wa kawaida wa kijiji waliotimiza miaka 18. Kwa maneno mengine, bwana mwenye shati jeupe, mtoto wa ukoo unaozika hapa tangu enzi za mangi, hana kura. Kijana wa Singida anayo.

Minong'ono ilikuwa mingi. Mzee mmoja alisema sheria hiyo haimjui Mchagga. Mwingine akasema inamjua vizuri, ni sisi tuliosahau kwamba mangi naye aliwapa ardhi wageni waliokuja na jembe na heshima. Mimi niko upande wa huyu wa pili. Ukoo unampa mtu kaburi na jina. Zahanati ni ya anayeugua hapa, njia ni ya anayepita hapa, na anayejua ukubwa wa chumba kinachohitajika ni yule aliyembeba mgonjwa begani akateleza kwenye tope. Lakini sikubali pia kwamba mtoto wa kihamba asisikilizwe. Angenyimwa neno siku ile, mwakani asingekuja, na kihamba bila watoto wake wa mbali kingekufa kwa njia nyingine.

Mwenyekiti alipata njia ya busara: wote waseme, wakazi wapige kura. Alipouliza nani anataka zahanati itangulie, mikono ikapanda. Kijana wa Singida hakuinua wake. Alimtazama kwanza tajiri yake. Bwana yule alikaa kimya muda mrefu, akiangalia viatu vyake, kisha akaitikia kwa kichwa kumruhusu, na mkono ukapanda wa mwisho.

Ilikubaliwa kwamba kila nyumba, yenye moshi na isiyo nao, itahesabiwa kwenye msaragambo kwa mtu, na fedha iwe nyongeza. Ilikubaliwa pia kwamba anayetaka kuchimba msingi aite kwanza majirani waione mipaka, njia na mfongo, kama zamani, kabla fundi hajapiga kambaa. Kuhusu ukuta uliokwishajengwa hakukuwa na uamuzi. Mwenye nyumba alisema atafikiri.

Jumamosi ya pili ya Januari, magari yakiwa yamekwisha kuondoka, pembe ilipigwa saa moja asubuhi. Nilikuta watu wameshaanza kung'oa nyasi kwenye chumba cha kujifungulia. Mama wa makamo alikuja na mzigo wake wa majani, akautua kando ya boma, akasema kwamba geti lilikuwa wazi na amepita. Mwenyekiti alikaa juu ya jiwe na daftari la kurasa za mistari, kila mstari nyumba moja. Alipofika kwenye nyumba ya bati la bluu akamwita kijana wa Singida, akamuuliza jina lake kamili. Miaka minne tulikuwa tukimwita kwa jina la mwenye nyumba.