Injini Inapozimika Angani

Injini ya ndege ndogo ikizimika angani, ndege haidondoki kama jiwe. Cessna 172, ndege ya injini moja inayotumika sana kufundishia urubani, huteleza hewani mita tisa hivi mbele kwa kila mita moja inayoshuka, mfano wa mwewe anayeelea bila kupiga mabawa. Rubani aliye futi 3,000 juu ya ardhi ana takriban dakika nne, na kilomita nane za kutafutia mahali pa kutua.

Cha kwanza ni mwendo. Mtu akiona ardhi inamjia, mikono yake yenyewe huvuta usukani ili pua ya ndege iinuke, na hapo ndipo penye hatari kubwa. Pua ikizidi kuinuka, hewa hubanduka mgongoni mwa bawa, na ndege iliyokuwa ikiteleza vizuri huporomoka. Kwa hiyo rubani huishusha pua na kushikilia mwendo wa karibu kilomita 120 kwa saa. Mengine yote yasubiri.

Kisha huchagua uwanja. Shamba tambarare lisilo na miti wala nyaya za umeme linafaa, hasa linaloruhusu kutua kwa kukabili upepo. Moshi wa jikoni au nguo zilizoanikwa humwonyesha upepo unakotoka. Upepo wa mbele si jambo dogo: kasi ya kugusa ardhi ikipungua nusu, nguvu inayobaki ya kuvunja ndege ni robo tu. Nyanda za juu huongeza ugumu. Uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, uko takriban futi 5,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa yake ni nyepesi, hivyo ndege ileile, kipimo kikionyesha mwendo uleule, huigusa ardhi kwa kasi iliyozidi kwa karibu sehemu moja ya kumi.

Uwanja ukishapatikana, ndipo chanzo kinatafutwa. Pengine tangi moja limekauka na jingine lina petroli. Katika injini zenye kabureta, barafu huweza kuziba njia ya hewa hata siku ya joto lenye unyevu, kwa sababu petroli inapogeuka mvuke hupoza hewa ghafla. Dawa yake ni kuvuta kitasa kinachoingiza hewa ya moto. Barafu inapoyeyuka, injini huzidi kukohoa kwa muda, na rubani asiye na uzoefu hukirudisha kitasa akidhani ameharibu. Kinapaswa kuachwa hapohapo.

Redio hufuata: neno “mayday” mara tatu, jina la ndege, mahali ilipo, tatizo na idadi ya waliomo. Namba 7700 ikiwekwa kwenye transponda, chombo cha ndege kinachojibu rada, dharura huonekana kwenye rada hiyo. Kabla ya kugusa ardhi petroli hufungwa, mikanda hukazwa, na milango huachwa wazi kidogo ili isikwame fremu ikipinda.

Injini ikizimika punde tu baada ya kuruka, hakuna nafasi ya yote hayo. Njia ya kurukia iko nyuma, inaonekana karibu kabisa, na hamu ya kuirudia ni kali. Lakini kugeuka kunakula kimo, ndege iliyolala upande huhitaji mwendo mkubwa zaidi ili isiporomoke, na upepo wa mbele unageuka kuwa wa nyuma. Marubani wengi wamefia katika kona hiyo. Ni afadhali kutua mbele, hata kama mbele ni shamba la mahindi.

Kuna dharura nyingine pia. Moto wa injini huzimwa kwa kukata petroli, na hewa ya joto inayoingia chumbani hufungwa; injini hiyo haiwashwi tena. Umeme ukikatika, redio na taa huzimika, lakini injini inaendelea kuunguruma: magneto zake mbili hutoa cheche bila kutegemea betri, na mchana wa anga safi rubani ana muda wa kutosha kufika uwanjani.