Je, Wajua? Skrini ya Linux Ikiganda, Mashine Huenda Ingali Hai

Je, wajua kwamba kwenye Linux madirisha, ikoni na kipanya vinachorwa na programu tu, kama programu nyingine yoyote? Chini yake kuna kiini, kazi aliyoianza Linus Torvalds mwaka 1991. Mara nyingi picha huganda huku kiini kikiendelea na shughuli zake. Tafadhali usikimbilie kitufe cha kuzimia: faili iliyokuwa ikiandikwa kwenye diski inaweza kuharibika.

Bonyeza Caps Lock. Taa yake ikiwaka na kuzimika, kuna uhai. Isipobadilika, usikate tamaa bado, kwani taa hiyo huweza kuendeshwa na mfumo uleule wa madirisha uliokwama.

Je, wajua kuna mlango wa nyuma? Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja hukupeleka kwenye skrini ya maandishi. Ingia kwa jina na nywila yako, andika top, nawe utaona programu inayokula kichakataji au kumbukumbu. Iue hiyo peke yake, kisha urudi kwa Ctrl, Alt na F1 au F2, kutegemea mfumo wako.

Kipanya kikisogea kwa kusuasua na taa ya diski isizime, usikimbilie kuilaumu kadi ya michoro. Huenda kumbukumbu (RAM) imejaa.

Je, wajua mlango huo nao ukifungwa, bado ipo njia ya kuwasha upya kwa usalama? Shikilia Alt na SysRq, ambayo kwa kawaida hukaa kwenye kitufe cha Print Screen, halafu bonyeza R, E, I, S, U, B polepole, moja baada ya nyingine. R huinyang'anya programu ya madirisha kibodi. E huziomba programu zifunge na I huzilazimisha. S humwaga data kwenye diski. U huifanya diski isiandikike. B huwasha upya. Ubuntu kwa kawaida huruhusu tatu za mwisho tu, nazo ndizo zinazookoa faili zako, kwa hiyo zikariri.

Mashine ikiwaka tena, andika journalctl -b -1 -e usome kilichotokea kabla ya kuganda. Mstari wenye NVRM na Xid unaelekeza kwenye kadi ya NVIDIA. GPU HANG, kwenye michoro ya Intel. Hatua hii wengi huiruka, kisha husakinisha mfumo wote upya bila sababu.

Je, wajua Nouveau, draiva huria ya kadi za NVIDIA, iliandikwa na watu waliochunguza kadi zinavyofanya kazi bila kupewa nyaraka zake? NVIDIA yenyewe ilifungua msimbo wa moduli zake za kiini Mei 2022.

Kazi ya kuchora madirisha hufanywa kwa X11 au Wayland. X11 ni ya mwaka 1987. Wayland ilianza 2008. Kama mfumo wako una zote mbili, badilisha kwenye skrini ya kuingilia. Kuganda kukikoma, umeshapunguza washukiwa.

Na ikiganda kabla hujaingia? Kwenye menyu ya GRUB, programu inayoanzisha Linux, bonyeza e, ongeza nomodeset mwishoni mwa mstari unaoanza na linux, kisha F10. Picha itakuwa duni, lakini utapata nafasi ya kubadilisha draiva.