Pombe ya sumu: Hatari wanaijua, saa zake hawazijui

MNAMO Novemba 2000, zaidi ya watu 100 walifariki katika mitaa ya mabanda ya Mukuru na viunga vyake jijini Nairobi baada ya kubugia pombe iliyokuwa na kemikali ya methanoli. Wengine walinusurika lakini wakapoteza uwezo wa kuona. Kinywaji chenyewe kilifahamika kama kumi kumi, kwa kuwa kipimo kimoja kiliuzwa Sh10.

Mkasa huo umejirudia mara kadhaa. Mwaka 2005 ulitokea Machakos, 2010 ukazuka mtaani Shauri Moyo, Nairobi, na Mei 2014 ukaangamiza makumi ya watu katika kaunti za Embu, Kiambu, Kitui na Makueni. Februari 2024 ilikuwa zamu ya Kirinyaga.

Kila unapotokea, machifu na polisi hufanya misako, mapipa hupinduliwa mbele ya kamera, na onyo lilelile hutolewa: pombe haramu inaua. Onyo hilo ni la kweli, ila ni vigumu kumpata mkazi wa mtaa wa mabanda ambaye hajalisikia. Wanywaji wenyewe wamekipa kinywaji hicho jina la mzaha la Kiingereza lenye maana ya "niue upesi". Mtu anayetania kifo chake kila jioni hawezi kusemwa kwamba hajaarifiwa. Asichoarifiwa ni namna sumu hiyo inavyofanya kazi, na hasa muda inaochukua.

Kileo cha kawaida huitwa ethanoli. Ndicho kinachopatikana katika bia, busaa na chang'aa. Methanoli ni ndugu yake wa karibu, nayo hutumiwa viwandani kutengenezea rangi, gundi na plastiki. Zote mbili ni angavu kama maji na harufu zake zinakaribiana mno. Chang'aa iliyogemwa kwa mahindi au molasi huwa na methanoli kidogo sana. Vifo vya halaiki hutokea pale mfanyabiashara mwenye tamaa anapoongeza methanoli ya viwandani ili kinywaji kiwe kikali kwa gharama ndogo. Mara nyingi mama pima anayekipima kwa glasi kibandani hajui kilichomo. Naye kauziwa kwa mtungi.

Methanoli yenyewe haina makali makubwa inapoingia mwilini. Huanza kuwa hatari ini linapoivunja na kuigeuza asidi ya fomiki, ileile inayopatikana katika miili ya baadhi ya sisimizi. Asidi hiyo huzuia chembechembe za mwili kutumia hewa ya oksijeni, na mshipa wa fahamu unaounganisha jicho na ubongo ni miongoni mwa sehemu za kwanza kudhurika. Mililita 10 za methanoli halisi, yaani vijiko viwili vya chai, zinaweza kumpofusha mtu mzima. Mililita 30 zinaweza kumuua.

Lakini ugeuzaji huo huchukua saa nyingi. Kwa kawaida dalili hujitokeza kati ya saa 12 na 24 baada ya kunywa, na huchelewa zaidi iwapo mtu alichanganya na ethanoli, kwa sababu ini hushughulikia ethanoli kwanza. Hapo ndipo penye mtego. Anayefika kibandani saa mbili usiku huwaona waliotangulia wakicheka na kuimba, akaridhika kwamba kinywaji ni salama. Kesho yake anaamka na maumivu ya kichwa, kichefuchefu na tumbo linalosokota, akadhani ni uchovu wa ulevi, naye anarudi kulekule "kutoa loki". Ukungu unapotanda machoni na pumzi kuanza kumwenda mbio, saa zilizokuwa na thamani zimekwisha kupita.

Zipo mbinu ambazo wanywaji huziamini. Baadhi huwasha kinywaji kiberiti, moto ukiwa wa buluu wakasema ni safi. Methanoli nayo huwaka, na macho hayawezi kuitambua ndani ya mchanganyiko. Wengine humnywesha mgonjwa maziwa, ambayo hayaizuii sumu hii hata kidogo. Na wapo wanaomtegemea muuzaji waliyemzoea kwa miaka, kana kwamba mazoea hupima mtungi wa leo.

Jambo jingine linalowakawiza ni woga. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010, maarufu kama Sheria ya Mututho kwa jina la aliyekuwa mbunge wa Naivasha, John Mututho, iliondoa marufuku ya chang'aa mradi itengenezwe kwa leseni na kutiwa katika chupa. Kibandani hakuna leseni wala chupa. Mgonjwa hufikishwa hospitalini akidai amekula chakula kibaya, na jamaa zake humuunga mkono wakihofia polisi. Tabibu naye huanza kutibu tumbo.

Ilhali sumu hii ina tiba. Madaktari hutumia dawa iitwayo fomepizoli, au ethanoli iliyopimwa kwa uangalifu, ili kulizuia ini lisiivunje methanoli. Ni kinaya kwamba kileo hutibu kileo, lakini hiyo si ruhusa ya kuongeza glasi nyumbani, maana nyumbani hakuna anayejua kilichomo. Mgonjwa aliyezidiwa husafishwa damu kwa mashine ya figo. Tangu 2015 mashine hizo zimesambazwa katika hospitali nyingi za kaunti, hivyo si lazima mgonjwa wa Embu asafirishwe hadi Hospitali Kuu ya Kenyatta.

Tiba hizo hufaa zaidi kabla ya asidi kulimbikizana mwilini. Kwa hivyo, mtu mmoja anapoanza kulalamika kwamba haoni vizuri, wote waliokunywa kutoka mtungi uleule wanapaswa kuandamana naye hospitalini, hata wale wanaojihisi buheri wa afya. Mambo mawili humsaidia daktari kuliko maelezo mengine yote: saa waliyokunywa, na mabaki ya kinywaji chenyewe, hata yakiwa tone katika chupa ya soda.